Nani Atakushikia Shanga

Awoi mwanangu,

Ejok, salamu. Barua tulizofunzwa kuandika shuleni zilianza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko nyuma ya nyumba na binamu zako, mnacheka, na nyanya yako anawafokea mpunguze kelele huku akitaka aambiwe mnachekea nini. Kesho basi litakuchukua kabla jua halijawa kali. Nina jioni hii na karatasi za kutosha, na unanijua: nikipewa karatasi, naeleza.

Sitakueleza habari za sabuni wala za chakula cha njiani, wala kwamba usilale basi likisimama Kalemng'orok kwa sababu hapo watu hushuka na mizigo isiyo yao. Hayo umeyasikia wiki nzima. Baba yako naye atakuwa kando ya barabara Lokichar, karibu na kazini kwake, akupungie mkono. Ana mambo yake ya kukwambia na mimi sitamnyang'anya. Langu ni moja. Jumapili, baada ya kanisa, ulimwambia shangazi yako ukidhani niko mbali: "Nitaenda kusoma tu. Kuogelea nimemaliza. Kule hawanijui."

Nilisikia. Sikusema kitu, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

Usiisome barua hii kwa hofu. Siandiki nikulazimishe. Shule ya Nakuru ilikutambua kwa sababu mwalimu wao wa michezo alikuona ukiogelea Kitale, hiyo ni kweli, lakini alama zako za mtihani zinatosha kukuingiza mlangoni ukiwa mkavu. Nilipiga simu nikauliza, na mwalimu mkuu akaniambia hivyo kwa maneno yaliyonyooka. Basi uko huru. Ukitaka kuacha kwa sababu umechoka, acha. Ukitaka kuacha kwa sababu umependa mpira wa wavu, sitapenda, lakini acha. Ninachokataa ni hii sababu yako. Sitaki kicheko cha Kitale ndicho kichague utafanya nini na mikono yako.

Tuanze na Kitale basi, maana ndiko unakokukimbia.

Nilikuwa nimekaa safu ya pili, jua machoni. Ulikuwa njia ya tatu. Ulianza vizuri kuliko nilivyowahi kukuona ukianza. Kisha yule msichana wa njia ya nne, mwenye mateke mazito, akakufikia, na maji ya miguu yake yakakupiga ubavuni. Ukasimama. Ukashika kamba kwa mikono miwili, ukainua kichwa, ukapaza sauti kwa lugha yetu: "Akinyang!"

Kwa muda mdogo hakuna aliyeelewa. Halafu mvulana mmoja aliyetoka Lodwar pamoja nasi, ndani ya basi letu lenyewe, akasimama akawatafsiria: "Anasema kuna mamba!"

Unajua kilichofuata. Jukwaa lote lilianguka kwa kicheko. Maji ya bwawa lile yalikuwa safi hata kigae kilichopasuka chini ungekiona, na wewe umewaonya watu kuhusu mamba. Kabla hatujafika nyumbani, picha za video zilikuwa zimetutangulia kwenye simu za watu. Mpaka leo kuna vijana wa bodaboda pale stendi wanaokuita Mamba, na hawakuiti kwa mapenzi.

Sasa nataka nikueleze jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile. Watoto wa Kalokol, waliokufunza kuelea pale ghubani wakati shangazi yako alipokuwa akikaanga samaki, walikupa sheria moja kabla ya zote: maji yakikupiga ubavuni ghafla na hujui nani ameyapiga, shika kitu, paza sauti, wenzako watoke. Hukuambiwa kimbia. Uliambiwa paza sauti. Mtoto anayekimbia kimya akawaacha wengine majini, Kalokol hachezi tena na mtu.

Kwa hiyo siku ile Kitale, katikati ya mbio, ukiwa mbele kidogo, ulisimama kuwaonya wasichana saba waliokuwa wanajaribu kukushinda. Mamba hakuwepo, sawa. Lakini uliowaonya walikuwepo. Watu wote wale wakacheka, na sijui kama kuna hata mmoja kati yao ambaye angefikiria kumwonya jirani yake kama mamba angekuwepo kweli.

Halafu ukaiachilia kamba ukaendelea. Watu wanasahau kipande hicho. Video yenyewe inakatika kabla yake. Mwamuzi hakukuondoa, kwa sababu sheria inakataza kuivuta kamba ili usogee, haikatazi kuishika. Ukaogelea na kicheko chote kile masikioni, ukagusa ukuta, na hukuwa wa mwisho. Yule mwalimu wa Nakuru alinitafuta baadaye. "Mama, aliita nini yule msichana?" Nikamweleza. Hakucheka. Akasema, "Nilidhani amekazwa na msuli wa mguu. Kama alisimama kwa ajili hiyo kisha akamaliza vile, huyo namtaka."

Kuna jambo lingine la siku ile, na hili ni langu. Ulipotoka majini ukitetemeka, mimi nilikuwa nimewageukia watu wa safu ya tatu, nawafafanulia. Niliwaeleza kuhusu ghuba, kuhusu mamba, kuhusu tofauti ya maji yenye matope na maji yenye dawa. Mama mmoja alikuwa akiitikia kwa kichwa huku akila njugu. Niliposhtuka kukutazama, Majok, mwalimu wako wa kuogelea, alikuwa ameshakufunika taulo na amekaa nawe sakafuni, hasemi kitu. Nilimfundisha Majok fizikia kule Kakuma alipokuwa kijana aliyetoka Sudan Kusini na shati moja. Siku ile yeye ndiye aliyejua la kufanya.

Watu hudhani napenda kueleza kwa sababu nilikuwa mwalimu. Ni kinyume chake. Nilikuwa mwalimu kwa sababu nilikuwa tayari mtu wa kueleza, na nilianza zamani, ukingoni mwa laga, mto wa msimu, kule Namoruputh.

Unajua kwamba mjomba wako Ekai alikufa maji. Hujui zaidi ya hapo kwa sababu nyumbani hatusemi zaidi ya hapo. Watu wa mbali wakisikia mtu wa kwetu amekufa maji hushangaa, wanadhani huku tunakufa kiu tu. Lakini wewe umeona laga. Mchanga mkavu, mbingu nyeupe, hakuna wingu. Mvua imenyesha mbali, upande wa Uganda, milimani, na hakuna wa kukupigia simu. Ekai alikuwa ndani ya kisima tulichochimba mchangani, akichota, na mimi niko juu na mbuzi. Tulisikia kitu kama lori. Pale hakukuwa na barabara; yalikuwa maji.

Sikuingia. Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa na nisingeweza kumfikia. Hakuna aliyenilaumu, nami sijilaumu. Nilichofanya ni kukimbia ukingoni, sambamba naye, nikimwelekeza. "Shika mti! Njoo upande wangu! Inua kichwa!" Akaushika mti. Mti ukang'oka.

Miaka yote nimeamini kwamba alifanya kila nilichomwambia. Na tangu siku ile, nikiogopa, naeleza. Nilieleza darasani Kakuma, nikaeleza hapa Lodwar, nikakueleza wewe. Niliapa kwamba mtoto wangu atajua maji, na nilitimiza kwa njia yangu: nikakupeleka kwa watoto wa Kalokol wakufunze, kisha nikasimama nchi kavu na kitabu.

Unakumbuka asubuhi ya kwanza kwenye bwawa la hoteli? Meneja alikuwa amekubali tuje alfajiri, kabla wageni hawajaamka. Majok alipanda gari kutoka Kakuma jana yake. Nyanya yako alikuja kwa sababu hakuna aliyemwambia asije. Ukavua gauni, ukabaki na vazi lako jekundu na shanga zako zote shingoni, na mhudumu akasema kwa upole, "Mama, shanga haziingii. Zikikatika zitaziba mashine."

Nyanya yako akasimama. "Shanga hutoka shingoni mtu akifiwa. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, nyanya," ukamjibu.

"Basi hazitoki."

Nikaanza kueleza, bila shaka. Niliongea juu ya ukinzani, jinsi maji yanavyokamata kila kitu kinachotokeza mwilini, jinsi hata kofia ya mpira inavyosaidia. Nyanya yako alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umemaliza?" Hakuna aliyekumbuka kwamba mwanamke huyu alishawahi kuvua shanga zake kwa ajili ya mtoto aliyechukuliwa na maji. Mimi nilipaswa kukumbuka kuliko wote. Yeye aliona mjukuu wake anaenda kuingia majini akiwa tayari amevaa msiba.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulifanya, nijuavyo mimi. Akanyoosha mkono. "Nipe." Ukamvulia, safu baada ya safu, naye akazivaa juu ya zake mwenyewe hata kidevu kikakosa mahali pa kukaa. Akaketi kwenye ngozi yake ya kukalia. "Sasa ziko shingoni. Hakuna aliyekufa. Nenda, ikoku, mtoto wangu."

Tangu hapo hakukosa alfajiri hata moja. Wazee wenzake walimcheka. Mmoja alimwambia mbele yangu kwamba ameanza kuwa mtoto. Akamjibu, "Na wewe umeanza kuwa jiwe, lakini mimi sikusemi." Hakuna ibada yoyote iliyobadilishwa siku ile wala hakumwomba mtu ruhusa. Aliipenda mila yake na alikupenda wewe, akakataa kuambiwa achague. Nikifikiria neno ukaidi, hilo ndilo ninaloliona: mwanamke mzee ameketi kando ya bwawa la hoteli, amebeba shingo mbili.

Majok naye alikuwa na kazi yake, ya kukushusha kichwa. Kila baada ya kupiga mikono michache ulikuwa unakiinua kuangalia mbele, desturi ya ghubani. "Ya bit, msichana," alikuwa akikupigia kelele, na ile lugha yake ya Juba na Kakuma yote pamoja, "mafi mamba, hakuna mamba hapa. Mafi! Mamba ilibaki Kalokol, inakula samaki. Weka kichwa chini." Ukakishusha, ukasahau, ukakiinua. "Unaogelea kama mbuzi anavuka mto. Unatafuta mama yako? Mama yako iko pale, inasoma kitabu."

Nilikuwa nasoma kitabu, kweli. Lakini nilikuwa nakutazama pia, na nitakwambia nilichokiona, si kwa ajili ya kukusifu, bali kwa sababu aliye majini hajioni.

Niliona mtoto aliyekuwa akilia akikosa hesabu anajifunza kukosa bila kulia. Kwenye kuogelea huwezi kusema mwenzako hakukupa pasi. Njia ni yako, kamba kulia na kamba kushoto, na kilichotokea humo ndani umekitenda wewe. Mwanzoni ulikuwa unatoka na visingizio: miwani imeingiza maji, mguu umeteleza. Baadaye ukaacha. Ukawa unatoka, unakaa, unakunywa maji, unamuuliza Majok swali moja, unarudi. Mwaka ule ndipo alama zako za fizikia zilipopanda, na mimi nikajisifu kwa walimu wenzangu kwamba ni kwa sababu nakufundisha nyumbani. Haikuwa mimi. Ulikuwa umejifunza kurudia kitu kibaya mpaka kiwe kizuri, bila mtu kukupigia makofi, saa ambayo wenzako wamelala. Hakuna somo nililowahi kufundisha lenye thamani kuliko hilo, na sikujua hata kuliandika ubaoni.

Niliona pia ukijifunza kupumua. Hili unalichukulia kirahisi kwa sababu mwili wako unalijua. Mtu asiyejua hutoa kichwa chote nje, anameza hewa kama anayeibiwa, na miguu inazama. Wewe unageuza uso kidogo tu, nusu ya mdomo, unachukua kinachotosha, unarudi. Utakuwa na siku Nakuru ambazo kazi ya darasani na mazoezi na upweke vitakuja pamoja, na utatamani kutoa kichwa chote nje, upande basi, urudi nyumbani. Geuza uso kidogo. Piga simu. Mpigie nyanya yako, umwache alalamike. Kisha rudi.

Kuna kitu kimoja naogopa zaidi ya kicheko, nacho ni huruma. Waliokucheka Kitale angalau walikuona umesimama. Kule Nakuru watakuja wengine, wenye nia njema. Atatokea mtu na kamera, atataka usimame na mtungi wa maji, au useme jinsi ulivyotoka kwenye ukame ukaona maji kwa mara ya kwanza. Watataka uwe hadithi ya mtoto wa jangwani aliyejifunza kuogelea, ili wao wafute machozi. Usiwape. Waambie una ziwa linaloanzia kwenu na kuishia Ethiopia, na kwamba watoto wa huko hujifunza kuogelea mahali ambapo anayekosea haandikiwi alama, haonekani tena. Waambie ni wao wenye vidimbwi. Waambie kwa adabu, lakini waambie.

Na wakikuita Mamba, kubali au kataa, utakavyo. Mimi ningekubali. Kwenye ziwa letu hakuna anayemcheka mamba akiwa majini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae niandike.

Wiki iliyopita ulipokwenda Kakuma kumuaga Majok, nilikwenda sokoni kwenye mitumba. Nilipata vazi la kuogelea la buluu lenye maua makubwa ambayo sikuyataka, lakini ndilo lililonienea. Kesho yake alfajiri nikamwambia nyanya yako tutoke. Hakuuliza tunaenda wapi, njia anaijua. Tulipofika, mhudumu akasema, "Mwalimu, leo Awoi hayupo. Mmekuja kutazama nini?"

"Nimekuja kuingia."

Akamtazama nyanya yako kama kwamba yeye ndiye atakayeweza kunizuia. Nyanya yako alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikavua shanga zangu, naye akazivaa, akanung'unika, "Mmenifanya msumari wa kutundikia vitu. Nyumba nzima inaning'inia hapa." Akaketi.

Nitakwambia ukweli, Awoi, kwa sababu hukuwepo na utaambiwa na wengine vibaya zaidi. Niliingia kwa ngazi, mguu mmoja mmoja, nikashika ukuta. Maji yalinifika kifuani. Nikaanza kumweleza mhudumu kwa nini mwili huelea: kwamba maji yaliyosukumwa kando nayo husukuma, na kwamba mapafu yakijaa hewa… Kijana wa watu alisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, achilia ukuta."

Nikaachilia. Nikazama kama sufuria.

Sikufa, kama unavyoona. Kina pale hakifiki mabegani kwangu. Nilisimama, nikakohoa, nikajaribu tena. Nyanya yako alikuwa amesimama sasa, shanga za shingo zote zikigongana, anapiga kelele kutoka ukingoni. "Inua kichwa! Si hivyo! Piga mguu! Njoo upande wangu!"

Na hapo ndipo nilipojua. Sikusikia hata neno moja. Masikio yalikuwa na maji, moyo ulikuwa unapiga kichwani, na maneno yote ya mama yangu yalifika kwangu yakiwa kitu kimoja tu, sauti. Nilijua yupo upande gani. Basi. Nilijua kwamba kuna mtu ukingoni ambaye hajaondoka.

Nikasimama katikati ya bwawa la hoteli, mwanamke mzima mwenye mvi, nikamkumbuka Ekai. Nikafikiri: huenda hakufanya nilichomwambia. Huenda aliushika mti kwa sababu ulikuwa mbele yake. Huenda hakusikia neno langu hata moja, alisikia sauti tu, mpaka mwisho. Na kwa mara ya kwanza sikuliona hilo kuwa dogo.

Nilikwenda tena kesho yake, na kesho yake tena. Wageni waliamka wakatazama. Kijana mmoja wa kutoka mjini alitoa simu anipige video, akadhani sijamwona. Nikamwambia, "Zunguka upande huu, huko jua litakuharibia picha." Akairudisha simu mfukoni, na mimi nikaendelea kunywa maji ya dawa. Juzi nilivuka. Si urefu, upana tu, na kichwa juu njia nzima. Majok angesema mbuzi. Nilipogusa ukuta wa pili nilimwangalia nyanya yako nikitegemea atasema kitu. Alikuwa anazivua shanga zangu polepole, moja baada ya moja, ili anirudishie. Akasema tu, "Umechelewa," na sijui alimaanisha asubuhi ile au miaka ile yote.

Kwa hiyo barua hii naiandika nikijua ni nini. Ni sauti ya ukingoni. Ukiwa katikati ya maji ya Nakuru, iwe bwawani au darasani au bwenini usiku ukilala macho wazi, hutakumbuka hata sentensi moja ya haya niliyoeleza kwa kurasa zote hizi. Sikudai. Kumbuka upande sauti ilikotoka.

Nina shauri moja tu la kweli, na ni la vitendo. Nyanya yako hatakuwa Nakuru. Shanga zako utaondoka nazo shingoni, na hawatakuruhusu kuingia nazo majini kule pia. Usizivue ukaziacha kwenye kabati la chuma, peke yake gizani, kama za mtu aliyefiwa. Tafuta msichana mmoja. Usimtafute kati ya wanaokusifu. Mtafute kati ya wanaokaa. Anaweza kuwa Mkikuyu, Mluo, Msomali, yeyote mwenye shingo. Mweleze maana yake, kwa ufupi, usinifuate mimi. Mvishe. Kama akiziona mzigo na bado akaketi hapo mpaka utoke majini, umepata mtu wako wa shuleni, na huyo usimwache. Na siku yake ikifika, ya mtihani au ya msiba au ya mbio zake mwenyewe, shingo yako iwe tayari.

Nyanya yako ameniuliza sasa hivi kutoka nje ninaandika nini muda wote huu. Nimemwambia namwandikia Awoi. Akasema, "Si yupo hapa? Muite umwambie." Amesema kweli, lakini nikikuita nitaanza upya.

Nimepanga begi lako. Kila kitu kimo, isipokuwa kimoja. Vazi lako jekundu sikuliweka. Nililifua jana, liko nje kwenye kamba, upande wa lango, ambapo kila anayepita barabarani huliona. Limekauka kabisa. Ukitoka asubuhi utalikuta mkono wa kulia. Ukilipita, sitakuuliza, wala nyanya yako hatakuuliza, nimemwapisha. Ukilichukua, lichukue mbele ya watu, usilifiche chini ya nguo.

La buluu lililo kando yake ni langu. Liache hapo hapo. Bado limelowa, na kesho kutwa nina kazi nalo.

Mimi, niliye ukingoni,
Mama yako